Somo Linalochelewa

Mafunzo ya video kwa vitendo ni utaratibu wa kumkabidhi mwanafunzi kazi nzima, kuanzia wazo, kushuti na kuhariri hadi kuionyesha, kabla hajaimudu hata hatua moja kati ya hizo. Darasani hutangulizwa mambo ya msingi: sehemu za kamera, shoti ya mbali, ya kati na ya karibu, kusimamisha stendi sawasawa, kupima mwanga, kuvaa hedifoni. Baada ya hapo mwanafunzi hupewa mada, memori kadi na siku chache. Katika mkoa wa Singida mada hazitafutwi mbali. Kuna alizeti na vitunguu, asali ya Manyoni na Itigi, kuku wa kienyeji wanaopakiwa kwenye matenga kwenda mikoa mingine, wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Sekenke wilayani Iramba, na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yaliyopakana na mji wenyewe. Ugumu wa mafunzo haya uko kwenye mfuatano wake. Mwanafunzi hushuti kwanza na kuhariri baadaye, ilhali kuhariri ndiko kunakomfundisha alichopaswa kushuti. Somo humfikia akiwa amekwisha kuondoka shambani.

Taabu za kujifunza kazi hii ni kongwe kuliko kamera za kidijitali. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, lilifanyika jaribio la kutengeneza filamu za kuelimisha lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Chini ya Meja L. A. Notcutt zilitengenezwa filamu fupi takribani 35 kuhusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba, zikiigizwa na Waafrika wenyewe. Filamu hizo hazikubeba sauti kwenye mkanda. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, kisha santuri ikapigwa sambamba na picha, na lori lenye projekta likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini. Sauti, tangu wakati huo, ndiyo iliyowatesa mafundi wa picha katika nchi hii, na ndiyo inayowatesa wanafunzi hadi leo.

Baada ya uhuru serikali iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968, na miaka michache baadaye ikaanzishwa Audio Visual Institute jijini Dar es Salaam. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Maana yake ni kwamba wazazi wa wengi wanaoshika kamera Singida leo walikua hawajui televisheni ni nini, au waliiona kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima kwenye kibanda umiza, ambako filamu ya Kihindi au ya Kichina ilikuwa na mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili juu ya kelele za jenereta. Katika miji ya mikoani ufundi wa video haukuingia kwa njia ya chuo. Uliingia na kamera ya VHS kwenye harusi, na fundi wa harusi akawa ndiye mwalimu. Mpaka sasa wanafunzi wengi hupita njia zote mbili: chuoni wiki nzima, Jumamosi nyuma ya fundi, wakibeba taa na kuzungusha waya ili wageni wasijikwae.

Singida ina namna yake ya kumpokea anayejifunza. Jambo la kwanza ni jua. Mkoa uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa juu, na mji wenyewe uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mapema Machi na mapema Oktoba jua hupita utosini kabisa. Wakati huo macho ya mtu anayehojiwa mchana huzama kwenye kivuli cha paji lake, na kofia humaliza hata kile kidogo kilichobaki. Tena, kwa kuwa Singida iko magharibi zaidi lakini hufuata saa moja na Dar es Salaam, jua halifiki utosini saa sita kamili. Kwa wastani hufika yapata saa 6:40, na kuchomoza kwake huchelewa vivyo hivyo. Mwanafunzi anayepanga ratiba kwa mazoea ya pwani hufika shambani gizani, kisha hupumzika wakati ambao bado angeweza kufanya kazi. Asubuhi na jioni kuna mwanga laini wa kupendeza, ila hauna subira: jua likishatua, giza huingia kwa muda wa kama dakika 20.

Alizeti ina ratiba yake juu ya hiyo. Mche mchanga hulifuata jua kutwa, lakini ua likikomaa huacha kugeuka na kubaki limeelekea mashariki. Shamba lililochanua Machi, linalovutia kila msafiri wa barabara ya Singida, hupokea mwanga usoni asubuhi. Anayefika alasiri hukuta maua yamelipa jua kisogo, na picha anayorudi nayo ni ya manjano iliyofifia mbele ya mbingu nyeupe. Hili haliandikwi kwenye vitabu vya kamera. Mkulima yeyote angelisema, kama angeulizwa, na kumuuliza mkulima kabla ya kutoa kamera kwenye begi ni hatua ambayo wanafunzi wengi huiruka kwa sababu ya haraka.

Kuna pia suala la kalenda. Alizeti hupandwa na mvua, huchanua Machi na Aprili, huvunwa kuanzia Mei, na kukamuliwa miezi inayofuata. Hakuna muhula wa masomo unaoweza kuifuata kuanzia mbegu hadi dumu la mafuta linalouzwa kando ya barabara kuu. Wanafunzi hujaribu kudanganya kidogo: hushuti kiwanda Oktoba, hutafuta shoti za maua mtandaoni, na kuziunganisha. Macho ya mtu wa Dar es Salaam hayataona kasoro. Ya mtu wa Ikungi, hapahapa mkoani, yataona mara moja kwamba udongo si wa kwao. Njia ya uaminifu ni kukubali mradi mfupi zaidi, wa siku moja ya uvunaji au saa tatu za kiwanda, na kuumaliza vizuri. Kwa bahati mbaya mada fupi huonekana duni kwenye karatasi ya pendekezo, na walimu nao huwa na udhaifu wa kupenda pendekezo lenye upana.

Jambo la pili ni upepo. Singida inajulikana kwa upepo kiasi kwamba kwa miaka mingi imekuwa ikizungumzwa kama mahali pa kujenga mitambo ya umeme wa upepo. Kwa maiki ndogo ya simu au ya kamera, upepo huo ni ngurumo tupu. Sikio la binadamu hulichuja lisilolitaka; maiki haichuji. Mwanafunzi anayehoji bila hedifoni husikia maneno ya mzee wazi kabisa, huitikia, hufurahi, na siku ya kuhariri husikia mngurumo wenye maneno machache ndani yake. Programu za kompyuta zinaweza kupunguza kelele hiyo, lakini zikikazwa sana sauti ya mtu hugeuka na kuwa kama inatokea ndani ya pipa. Dawa hupatikana kabla ya kurekodi: kifuniko cha manyoya juu ya maiki, au kipande cha sponji na cha blanketi pale ambapo manyoya hayapo, maiki ya kubana kwenye nguo, ikiwa chini ya ukosi, ukuta, gari au jabali la kukinga. Mawe makubwa ya Singida, ambayo wageni huyapiga picha kwa uzuri wake, ni studio nzuri upande usiopigwa na upepo.

Hapo pana mgongano ambao hakuna kifaa cha kuuondoa. Siku ya kupura na kupepeta, mkulima huungoja upepo. Ukija, kila mtu huinuka, ungo hupanda, makapi huruka upande mmoja na mbegu huanguka upande mwingine. Ndiyo picha bora kuliko zote za msimu, na ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa sauti. Mwanafunzi anayemsimamisha mama katikati ya kazi ili amuulize maswali humpotezea upepo wake, na hupata majibu mafupi ya mtu anayetazama begani kwa muulizaji. Waliokwisha kuungua mara moja hutenganisha mambo haya mawili. Shughuli hushutiwa bila maswali, na maiki hurekodi kinachosikika: mbegu zikimwagika, vicheko, mtu akiitwa. Mazungumzo hufanyika jioni nyumbani, chini ya paa, kazi ikiwa imeisha. Kwenye meza ya kuhariri sauti ya jioni huwekwa juu ya picha za mchana, na mtazamaji huona mtu anayefikiri juu ya kazi yake, jambo ambalo mahojiano ya katikati ya vumbi hayalitoi kamwe.

Kiwandani tatizo hubadilika sura. Mashine ya kukamua hupiga kelele zisizokatika, na mwanga ni wa taa za dari. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi humemeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kurekodi picha 30 kwa sekunde, na chini ya taa hizo huleta mistari inayopanda na kushuka kwenye video. Tiba ni kupanga picha 25 kwa sekunde na kufungua shata kwa 1/50 ya sekunde. Ni marekebisho ya dakika moja kwa anayeyajua. Asiyeyajua humaliza mchana mzima akishuti mashudu, mafuta yakichuruzika na vijana wakifunga magunia, kisha huona mistari hiyo usiku kwenye skrini kubwa. Kioo kidogo cha kamera hakikumwambia kitu.

Ukubwa wa mafaili nao huwa hesabu ya kweli. Video inayorekodiwa kwa megabiti 50 kwa sekunde hula megabaiti 375 kila dakika, na saa moja yake ni zaidi ya gigabaiti 22. Kadi ya gigabaiti 64 hubeba chini ya saa tatu. Kijijini ambako hakuna kompyuta ya kuhamishia, hesabu hii humlazimisha mwanafunzi kuchagua kabla ya kubonyeza, na huenda hilo ndilo jambo la manufaa zaidi ambalo uhaba huleta. Enzi za filamu ya milimita 16 mkanda ulikuwa ghali na ulipaswa kusafishwa maabara kabla ya kuonekana, na fundi alijifunza kusubiri kitu kitokee. Dijitali imeondoa gharama ya mkanda. Imeleta saa nne za picha zisizotazamika.

Watu wanaoshutiwa ndio sehemu ya mafunzo isiyowekewa muda wa kutosha. Kisheria kuna milango kadhaa: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kijijini mlango wa kwanza ni ofisi ya mtendaji, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mwenye kaya. Barua ya chuo hufungua ofisi tu. Nyumba hufunguliwa na salamu, na salamu za Wanyaturu au Wanyiramba kwa mgeni hazikatwi katikati ili mwanga usipotee. Mwanafunzi mzawa ana nafuu ya lugha, lakini ana mzigo mwingine, kwani mzee humwona kama mjukuu na humweleza mambo ambayo hakukusudia yatoke nje ya ua. Ruhusa iliyotolewa kwa mjukuu haiwi ruhusa ya kuonyesha kwa wote mpaka iulizwe tena waziwazi, na ikiwezekana baada ya mzee kuona kipande chenyewe.

Wilayani Mkalama, kwenye bonde la ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, na kila kundi la wanafunzi huwa na mmoja anayependekeza kuwashuti. Pendekezo hilo linastahili kupokewa kwa tahadhari. Wahadzabe wameshutiwa na wageni kwa miongo mingi, karibu kila mara wakiwa na upinde mkononi na ngozi begani, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye siku mbili hatafanya zaidi ya kurudia picha zilizokwisha kufanywa na watu wenye pesa nyingi kuliko yeye. Fundi cherehani wa stendi ya mabasi humfundisha zaidi, maana hajashutiwa na mtu, na hakuna filamu ya kuiga.

Mzee akizungumza Kinyaturu, mradi huongezewa kazi ya maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mistari miwili ndiyo kikomo, kila mmoja wa herufi kama 40, na lazima ikae muda wa kutosha kusomwa na mtu asiye na haraka. Mwanafunzi hugundua kwamba hawezi kutafsiri kila alichosema mzee, kwa hiyo hufupisha, na katika kufupisha hulazimika kuamua mzee alikuwa anasema nini hasa. Kazi hii hufanywa vizuri zaidi na watu wawili wakibishana.

Harusi ni shule ya aina nyingine. Sendofu na harusi hazina kurudia: keki hukatwa mara moja, machozi ya mama hutoka mara moja. Fundi aliyezoea hujua, kwa mwendo tu wa mshereheshaji, kwamba zawadi za upande wa mume ziko karibu, naye huwa amekwisha kusimama mahali pake. Ujuzi huo wa kuotea hauelezeki ubaoni. Hata hivyo harusi ina kasoro kama shule, kwa sababu mteja hutaka kila mgeni aonekane, na hakuna anayelalamika kwamba video ina saa tatu. Kijana aliyekulia kwenye harusi huwa mwepesi wa mkono na mzito wa mkasi. Aliyekulia chuoni huwa kinyume chake. Kuwaweka wawili hao katika kundi moja huleta ugomvi wenye faida.

Mechi za shule hufundisha kanuni moja kwa haraka kuliko mhadhara wowote, nayo ni ya kubaki upande mmoja wa mstari wa matukio. Jua la alasiri likimwingia mwanafunzi kwenye lenzi, huhamia upande wa pili wa uwanja. Kwenye kompyuta timu iliyokuwa ikishambulia kulia huanza kushambulia kushoto. Kipindi cha pili timu zenyewe hubadilishana magoli, na hapo hata aliyeshuti hajui nani anamfunga nani.

Kisha huja meza ya kuhariri. Programu kama DaVinci Resolve ina toleo la bure, na CapCut iko kwenye simu za wengi, hivyo kifaa cha kuhariri si kizuizi kama zamani, ingawa kompyuta dhaifu huhitaji kutengenezewa nakala nyepesi za video kwanza. Ndani ya saa ya kwanza mwanafunzi hukutana na mambo ambayo mwalimu aliyasema na hayakusikika. Shoti ni fupi mno, sekunde tatu tatu, kwa sababu mkono uliona haya kutulia. Kamera haikukaa, ilipepesa kutoka uso hadi shamba, kutoka shamba hadi uso, na hakuna mahali pa kukata. Mama anaeleza jinsi ya kutambua mbegu iliyokauka kwa kuibana kwa kidole, na hakuna shoti ya kidole. Ukimya wa mahali haukurekodiwa, kwa hiyo kila mkato wa sauti unasikika kama mlango. Hakuna makosa mapya katika orodha hii. Kila kundi huyafanya yaleyale. Tofauti ni kwamba sasa yana jina la mtu, uso wake na siku yake, na kwamba kidole cha mama yule kinahitajika kweli.

Hapa ndipo mipango mingi ya mafunzo huharibu ilichojenga. Mradi hukusanywa, hupewa alama, na kundi huhamia mada nyingine, mara nyingi ngumu zaidi, ili mtaala uonekane unapanda. Mwanafunzi huanza tena ugenini, na lile alilojifunza mezani hukosa pa kutumika. Ingefaa zaidi arudishwe palepale. Safari ya pili kwa mama yuleyule, kwenye uga uleule, ikiwa na orodha ya shoti saba zilizokosekana, huchukua nusu siku, na gharama yake ni nauli. Mwanafunzi hushuka kwenye gari akijua upepo unatoka wapi na mbwa amefungwa upande gani. Kamera hutulia. Kwa kawaida hurudi na shoti chache sana kuliko mara ya kwanza, na karibu zote hutumika.

Hatua ya mwisho ni kuonyesha, na mahali pake pa kwanza ni kwa walioshutiwa. Projekta ndogo, shuka jeupe na spika hutosha, au televisheni ya jirani kama umeme upo. Watazamaji hawa hawasifu rangi wala mikato. Husema kwamba gunia lililoonyeshwa si la shamba lile, kwamba kupura kumewekwa kabla ya kukausha, kwamba aliyetajwa kuwa mwenye shamba ni mpangaji. Marekebisho hayo hufanywa usiku huohuo au wiki inayofuata, na tafsiri ya Kinyaturu hupata wasahihishaji kumi kwa mara moja. Baada ya hapo nakala hupelekwa chuoni kwa alama, nyingine huachwa kijijini kwenye fleshi au kwenye simu ya mwenyekiti, na picha zote ghafi huhifadhiwa katika diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, zikiwa na majina ya mafaili yenye tarehe na mahali, kwa kuwa kundi litakaloingia msimu wa maua litazihitaji.